Lionel Jospin na tarehe 21 Aprili: mshindi mtarajiwa aliyeishia duru ya kwanza

Saa mbili kamili usiku wa Jumapili, tarehe 21 Aprili 2002, televisheni za Ufaransa zilionyesha sura mbili za watu waliovuka kwenda duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Ya kwanza ilikuwa ya Jacques Chirac, rais aliyekuwa madarakani, na hiyo ilitarajiwa. Ya pili ilikuwa ya Jean-Marie Le Pen, mzee wa miaka 73 wa chama cha siasa kali za kulia cha Front National, yuleyule aliyewahi kutamka hadharani kwamba vyumba vya gesi vya Wanazi ni jambo dogo tu katika historia ya vita. Sura ya Lionel Jospin, Waziri Mkuu kwa miaka mitano mfululizo, haikuwepo.

Asubuhi ile alikuwa amepiga kura Cintegabelle, mji mdogo kusini mwa Toulouse uliokuwa ngome yake, kisha akarudi Paris kusubiri. Mnamo saa nne na nusu usiku akapanda jukwaani kwenye makao ya kampeni yake, jengo la mtaa wa Saint-Martin walilolibatiza L'Atelier, yaani Karakana. Hakukaa hata dakika tano. Alisema matokeo yale ni kama radi iliyopiga, kwamba anabeba lawama yote ya kushindwa, na kwamba uchaguzi ukimalizika anaacha siasa. Ukumbini watu walilia, wengine wakapiga kelele za "Hapana!" Hakubishana nao. Alimaliza karatasi yake, akashuka.

Kisa hiki huwa kinasimuliwa kwa sentensi moja: wa mrengo wa kushoto waligawanyika, Le Pen akapita katikati. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Nikiangalia miaka mitano iliyotangulia, naona mtu aliyeanguka kwenye shimo alilolichimba kwa jembe lake mwenyewe, tena akidhani anachimba msingi wa nyumba.

Jospin alizaliwa mwaka 1937 huko Meudon, nje kidogo ya Paris, katika familia ya Kiprotestanti. Baba yake alikuwa mwalimu na msoshalisti, mama yake mkunga. Alisoma ENA, shule ile inayopika vigogo wa serikali ya Ufaransa, akaanza kazi Wizara ya Mambo ya Nje. Wakati huohuo, kwa siri, alikuwa mwanachama wa kundi la Watrotski, yaani wakomunisti wafuasi wa Leon Trotsky, lililoongozwa na Pierre Lambert. Watu walipoanza kuulizia, alisema anachanganywa na mdogo wake Olivier. Mwezi Juni 2001, akiwa tayari Waziri Mkuu, akakiri mbele ya Bunge. Tuliweke kando jambo hili kidogo. Walambert tutakutana nao tena.

François Mitterrand ndiye aliyemwinua. Alipogombea urais na kushinda mwaka 1981 alimwachia uongozi wa Chama cha Kisoshalisti, na mwaka 1988 akampa Wizara ya Elimu. Kufika 1993 nyota ilikuwa imezimika: hana uwaziri, na kiti cha ubunge kimekwenda. Kilichomrudisha ni kwamba Jacques Delors, msoshalisti mwenzake aliyekuwa anapewa nafasi kubwa ya kushinda urais wa 1995, alikataa kugombea. Jospin akajitokeza ilhali wengi walimwona kama mtu wa kujaza nafasi. Akaongoza duru ya kwanza kwa asilimia 23.3, kisha akashindwa na Chirac kwenye duru ya pili kwa asilimia 47.4 dhidi ya 52.6. Kulikuwa kushindwa kwa heshima, kule kunakomfanya mtu aitwe tena.

Akaitwa mapema kuliko alivyodhani. Chirac alikuwa na wabunge wengi kupindukia na mwaka mzima mbele yake kabla ya uchaguzi wa Bunge. Akaamua kulivunja, akitumaini kupata baraka mpya ya wananchi. Tangazo alilitoa kwenye televisheni tarehe 21 Aprili 1997. Itazame tarehe hiyo vizuri: ni miaka mitano kamili, hata siku haikupungua, kabla ya usiku wa Karakana. Tarehe 1 Juni mrengo wa kushoto ukashinda, na Chirac akalazimika kumwita mpinzani wake aingie Hôtel Matignon, ofisi na makazi ya Waziri Mkuu, kuongoza serikali.

Hapo ikafungwa ile ambayo kwetu ingeitwa ndoa ya mkeka. Rais wa kulia, Waziri Mkuu wa kushoto, wakakaa meza moja kila Jumatano kwenye baraza la mawaziri, wakasafiri pamoja kwenye mikutano ya Ulaya, wakaongea nje ya nchi kwa sauti moja. Mambo hayakuwa matamu daima. Mwezi Desemba 1999 jeshi lilipompindua Henri Konan Bédié nchini Côte d'Ivoire, Chirac alitaka kuingilia kati kumwokoa, Jospin akakataa, na majeshi ya Ufaransa yakabaki kambini. Lakini kwa mwananchi aliyekaa sebuleni, ilikuwa ni sura mbili zilezile, suti mbili zilezile, kwa miaka mitano. Ukishamwona mtu amesimama kando ya mpinzani wake muda wote huo, siku akikuambia "mimi ni tofauti naye" anakuwa na kazi kubwa ya kukuonyesha tofauti yenyewe iko wapi.

Serikali yake ilikuwa ya vyama vitano: Wasoshalisti, Wakomunisti, Kijani, Waradikali wa kushoto, na chama kidogo cha Jean-Pierre Chevènement. Waliuita muungano huo "kushoto ya wengi", na kwa kweli Jospin aliuendesha kwa ustadi. Kila chama kilikuwa na waziri, kila chama kilikuwa na sinia lake. Wakati wa kula walikaa mkeka mmoja. Kazi walizozifanya si za kubeza. Wasio na ajira walikuwa zaidi ya milioni tatu alipoingia. Ndani ya miaka minne walipungua kwa karibu milioni moja. Wiki ya kazi ilishuka kutoka saa 39 hadi 35. Watu maskini kabisa wakapata bima ya afya. Wapenzi wasiooana, wakiwemo wa jinsia moja, wakapata mkataba unaotambuliwa na sheria.

Kuna sheria moja ya wakati ule inayotuhusu moja kwa moja sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwezi Mei 2001, Bunge lilipitisha sheria ya mbunge wa Guyane, eneo la Ufaransa huko Amerika ya Kusini, Christiane Taubira, inayotamka kwamba biashara ya watumwa ni jinai dhidi ya ubinadamu, na maandishi yake hayakuishia kwenye bahari ya Atlantiki, yanaitaja waziwazi Bahari ya Hindi. Wanaoijua historia ya Kilwa wataelewa uzito wake. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kwa mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa. Mkumbuke Taubira, jina lake litarudi muda si mrefu.

Nyufa zilianzia pasipoonekana haraka. Zile saa 35 ziliwafurahisha wafanyakazi wa ofisini na mameneja, waliopata siku za ziada za kupumzika na familia. Kwa mtu wa kiwandani au dukani mambo yalikuwa mengine: mara nyingi mwajiri alikubali kupunguza saa kwa masharti kwamba mshahara usipande, na ratiba ivutwe kulingana na wingi wa kazi, wiki hii nyingi, wiki ijayo chache. Sheria ni ileile, ila mmoja alipata likizo na mwingine akapata zamu mbovu na mfuko uleule.

Kisha likaja suala la Michelin. Mwezi Septemba 1999 kampuni hiyo ya matairi ilitangaza faida nono na, papo hapo, mpango wa kupunguza kazi 7,500 barani Ulaya. Jospin alipoulizwa kwenye televisheni atafanya nini, alijibu kwamba si kila kitu kisubiriwe kutoka serikalini. Kiuchumi pengine alikuwa sahihi. Lakini aliyekuwa anasema hivyo ni kiongozi wa kushoto, akiwaambia watu ambao baba zao na babu zao waliipigia kura kushoto kwa sababu moja tu: waliitegemea serikali iwakinge. Nadhani sentensi ile moja ilimgharimu kuliko hotuba zote za wapinzani wake. Watu wa namna hiyo hawakuhamia kwa Chirac. Wengine walibaki nyumbani siku ya kura, wengine walikwenda kwa Watrotski, na wengine kwa Le Pen.

Sasa tufike kwenye kalenda, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kisa chote.

Kwa sababu Chirac alivunja Bunge mwaka 1997, uhai wa Bunge jipya ulikuwa unakwisha majira ya machipuko ya 2002, na kwa mpangilio wa kawaida uchaguzi wa wabunge ungetangulia ule wa rais kwa wiki chache. Jospin hakuupenda mpangilio huo. Tayari Septemba 2000 kura ya maoni ilikuwa imepunguza muhula wa rais kutoka miaka saba hadi mitano, na yeye akaona kwamba katika katiba ya Ufaransa rais ndiye kichwa. Haifai mkia utangulie. Akapeleka mswada wa kugeuza ratiba: rais kwanza, wabunge baadaye. Wakomunisti na Kijani, washirika wake wa mkekani, hawakuutaka. Akaupitisha hata hivyo kwa msaada wa baadhi ya wabunge wa kati kutoka upande wa pili.

Hesabu yake ilieleweka. Alikuwa anapendwa, Chirac alikuwa anaandamwa na tuhuma za ufisadi za enzi alipokuwa Meya wa Paris. Nikimshinda, Bunge litanifuata. Ambacho hakukipima ni kile ambacho washirika wangefanya. Kama uchaguzi wa wabunge ungetangulia, vyama vidogo vingegawana naye majimbo mapema na kila kimoja kingejua uzito wake. Baada ya kuugeuza, mahali pekee pa kupanda mizani palibaki duru ya kwanza ya urais. Chama kinachotaka kudai majimbo mengi mwezi Juni sharti kionyeshe kura mwezi Aprili. Na mlango ulikuwa wazi: sheria ilimtaka mgombea saini 500 tu za viongozi waliochaguliwa, kutoka wilaya zisizopungua 30, katika nchi yenye mameya zaidi ya 36,000. Zaidi ya hapo, anayevuka asilimia 5 ya kura anarudishiwa na serikali sehemu kubwa ya gharama za kampeni. Kwa hiyo Wakomunisti walimsimamisha Robert Hue, Kijani wakamsimamisha Noël Mamère, Waradikali wakamsimamisha Taubira, na Chevènement, aliyekwisha kujiuzulu uwaziri mwaka 2000 kwa kupinga mpango wa kukipa kisiwa cha Corsica madaraka zaidi, akajisimamisha mwenyewe kwa kauli kwamba hamtaki Chirac wala Jospin. Wanne hao walitoka kwenye muungano uleule wa serikali. Jospin hakumkataza hata mmoja. Kila mmoja alikuja na sinia lake, kama alivyozoeshwa.

Wagombea kwa jumla walikuwa 16.

Msomaji wa Kenya anaujua mfumo wa asilimia 50 na kura moja, na kwamba usipofika unarudiwa uchaguzi kati ya wawili wa juu. Wakongo waliuonja mwaka 2006 kati ya Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba, kabla katiba yao haijabadilishwa Januari 2011 na duru ya pili kufutwa. Wafaransa wana msemo kwamba duru ya kwanza unachagua, duru ya pili unaondoa. Yaani mara ya kwanza mpe umpendaye, mara ya pili mkatae umchukiaye. Msemo mzuri, mradi mtu wako ahakikishiwe kuwepo mara ya pili. Tafiti zote za maoni zilisema Jospin atakuwepo. Wapiga kura wake wakaziamini, naye akaziamini zaidi yao.

Ndiyo maana kampeni yake yote ilikuwa ya duru ya pili. Chirac alitangaza kugombea mbele ya umati huko Avignon tarehe 11 Februari. Jospin alitangaza tarehe 20 kwa faksi, karatasi iliyotumwa kwenye shirika la habari. Siku iliyofuata akaiambia televisheni kwamba mpango wake si wa kisoshalisti. Alikuwa anawabembeleza watu wa kati, ambao angewahitaji Mei. Mwezi Machi, ndani ya ndege akirudi kutoka kisiwa cha Réunion, aliwaambia waandishi kwamba Chirac amechoka, amezeeka. Maneno hayo yakafika Paris hata kabla ya sanduku lake. Mtu aliyejijengea jina kwa adabu na unyoofu akaonekana mkorofi, na ikabidi aombe radhi. Kuhusu uhalifu, ajenda iliyotawala magazeti majira yale, alikiri kwamba alikosea kwa kudhani ukosefu wa ajira ukipungua na usalama utarudi wenyewe. Ukweli wa aina hiyo ni mzuri kwa mwanahistoria. Kwa mgombea aliyebakiwa na wiki saba, mwingine ameshaushika kama rungu.

Mzee Pierre Mauroy, aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Mitterrand na Meya wa Lille kwa miaka mingi, alimwonya ndani ya chama kwamba neno "mfanyakazi" si tusi, litamkwe. Hakusikilizwa vya kutosha. Siku chache kabla ya kura, kwenye kipindi cha televisheni, Jospin aliulizwa: ukikosa duru ya pili utampigia nani? Akacheka kicheko cha dhati kabisa. Akasema hilo halielekei kutokea, waende swali linalofuata.

Matokeo: Chirac asilimia 19.88, Le Pen 16.86, Jospin 16.18. Kati ya wa pili na wa tatu tofauti ilikuwa kura 194,600. Taubira peke yake alipata kura 660,447. Chevènement alipata zaidi ya milioni moja na nusu. Kura zilizokuwa tupu au zilizoharibika zilikaribia milioni moja. Waliojiandikisha lakini hawakwenda kituoni walikuwa asilimia 28.4, wakati huo rekodi kwa duru ya kwanza ya urais; baadhi ya mikoa ilikuwa kwenye likizo ya shule, na wenye uwezo walikuwa wameshakwenda zao.

Ukijumlisha wagombea watano wa vyama vya serikali ya Jospin, yeye akiwemo, unapata asilimia 32.45. Hapo ndipo wengi huishia na kusema: tatizo ni mgawanyiko, na Taubira akabebeshwa lawama kwa miaka mingi. Mimi naomba tulinganishe na 1995. Mwaka ule Le Pen alipata kura milioni 4.57, mwaka 2002 akapata milioni 4.80. Aliongeza kama kura 234,000 tu, jambo lisilotosha kuitwa mafuriko. Jospin mwaka 1995 alipata milioni 7.1, mwaka 2002 milioni 4.6. Alipoteza kura karibu milioni mbili na nusu. Le Pen hakupanda kumfikia Jospin, Jospin ndiye aliyeshuka mpaka alipokuwa Le Pen. Na utafiti uliofanywa siku ya kura ulimwonyesha Le Pen akiongoza miongoni mwa wafanyakazi wa viwandani, tabaka ambalo chama cha Jospin kiliundwa kulisemea.

Watrotski watatu kwa pamoja walipata zaidi ya asilimia 10. Mmoja wao, Daniel Gluckstein, aliambulia asilimia 0.47. Chama chake ndicho kilichorithi lile kundi la Lambert ambalo Jospin aliwahi kulitumikia kwa siri. Hakumwangusha yeye, kura zake hazitoshi. Lakini inachekesha na kuhuzunisha kwamba hata ujana wake ulisimamisha mgombea dhidi yake.

Yaliyofuata yanajulikana. Mei Mosi zaidi ya watu milioni moja waliandamana nchi nzima dhidi ya Le Pen. Tarehe 5 Mei Chirac akachaguliwa kwa asilimia 82.21, wengi wao watu wa kushoto waliompigia huku wamekunja nyuso. Jospin hakuwaambia usiku ule wampigie nani, na ilipita karibu wiki kabla ya kutoa tamko fupi la kuwataka wakatae siasa kali za kulia. Wapo waliomlaumu kwa ukimya huo kuliko kwa kushindwa kwenyewe, na sidhani kwamba walimwonea. Mwezi Juni ukaja uchaguzi wa Bunge kwa ratiba aliyoipigania. Ulifanya kazi barabara kama alivyoubuni, rais mpya akapewa wabunge wa kutosha na zaidi. Rais mwenyewe alikuwa Chirac.

Neno lake la kuacha siasa alilishika kwa kiasi kikubwa. Alikwenda kuishi zaidi Île de Ré, kisiwa cha pwani ya Atlantiki, na baadaye akakaa miaka michache kwenye Baraza la Katiba. Mwaka 2012 Rais François Hollande alimkabidhi tume ya kupendekeza mageuzi ya maisha ya kisiasa. Ripoti ilitolewa Novemba. Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwamo hili: saini 500 za viongozi zifutwe, na anayetaka kugombea urais akusanye kwanza saini 150,000 za wananchi. Serikali iliipokea ripoti, na saini 500 zikabaki.